Haddow: Mskoti aliyesaka virusi vya homa juu ya vilele vya miti Uganda

MSAFIRI anayetoka Entebbe kwenda Kampala kwa barabara kuu, baada ya mwendo wa kilometa kama 12 hivi, hupita karibu na kipande cha msitu ambacho ni rahisi kukipita bila kukitambua. Si msitu mkubwa. Miti yake mirefu imeteremkia majini kuelekea Ziwa Victoria, na katikati yake umesimama mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120, yaani zaidi ya meta 36. Msitu huo unaitwa Zika.

Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa baada ya watoto wengi nchini Brazil kuzaliwa wakiwa na vichwa vidogo kuliko kawaida, na kirusi chenye jina la msitu huo kushukiwa kuwa chanzo. Katika wiki zilizofuata, waandishi wa habari kutoka pande mbalimbali za dunia walimiminika Entebbe kuupiga picha mnara ule. Ni wachache waliokuwa na habari za mtu aliyeusimamisha, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa kwa takriban miaka 40.

Mtu huyo ni Alexander John Haddow, Mskoti aliyekuwa daktari wa binadamu na wakati huo huo mtaalamu wa wadudu. Alifanya kazi Entebbe kuanzia mwaka 1942 hadi 1965. Katika kipindi hicho, taasisi aliyoitumikia, na baadaye kuiongoza, ilizipatia majina na vyanzo homa kadhaa ambazo wananchi wa Uganda, Tanganyika na Kenya walikuwa wakiugua bila ya daktari yeyote kuweza kueleza ni za nini.

Haddow alizaliwa Desemba 27, 1912 katika jiji la Glasgow. Alianza na elimu ya viumbe, akahitimu shahada ya zoolojia katika chuo kikuu cha jiji hilo mwaka 1934, kisha akaendelea palepale na udaktari hadi mwaka 1938. Mchanganyiko huo haukuwa wa kawaida. Madaktari wengi wa enzi hizo waliokuja katika makoloni walimtazama mgonjwa tu, na wataalamu wa wadudu walimtazama mdudu tu. Haddow alikuwa na jicho la pande zote mbili, na ndilo lililomfaa baadaye.

Kituo chake cha kwanza Afrika Mashariki kilikuwa Kisumu, nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Huko alichunguza mbu wanaoingia katika nyumba za wenyeji, akipima joto na unyevu wa ndani ya nyumba, na kuhesabu mbu wa kila aina. Ilikuwa kazi ya subira isiyo na sifa nyingi. Lakini ndiko alikojifunza kwamba mbu ana ratiba yake, ana mahali anapopapenda, na kwamba anayetaka kumwelewa hana budi kumfuata kwa saa zake yeye mbu, si kwa saa za ofisi.

Mwaka 1942 alihamia Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1936 na Mfuko wa Rockefeller wa Marekani kwa kushirikiana na serikali ya Uganda, kutokana na fumbo lililokuwa likiwasumbua wataalamu.

Homa ya manjano ilikuwa ikijulikana kwa muda mrefu kama janga la Afrika Magharibi na Amerika. Katika Afrika Mashariki hakuna daktari aliyekuwa amethibitisha mlipuko wake. Lakini katika miaka ya 1930 ilivumbuliwa njia ya kutambua kama mtu aliwahi kuambukizwa: majimaji ya damu yake huchanganywa na kirusi cha homa ya manjano, kisha panya wadogo weupe wa maabara huchomwa mchanganyiko huo. Panya wakifa, mtu huyo hajawahi kukutana na ugonjwa. Wakipona, damu yake ina kingamwili, na maana yake ni kwamba aliwahi kuambukizwa. Damu za wakazi wa maeneo kadhaa ya Uganda na nchi jirani zilipopimwa, baadhi ya panya walipona.

Matokeo hayo yalizua hofu. Usafiri wa ndege ulikuwa umeanza kuunganisha Afrika na Asia, bara lenye mbu wanaoweza kuusambaza ugonjwa huo lakini ambalo watu wake hawakuwa na kinga yoyote. Watu walikuwa wakiambukizwa homa ya manjano kimyakimya katikati ya Afrika, na hakuna aliyejua wanaambukizwa wapi na nani anawaambukiza.

Katika kuutafuta ugonjwa mmoja, wataalamu wa Entebbe walianza kukutana na mengine ambayo hawakuyatarajia. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuueleza, mgumu kuutenda. Walipompata mtu mwenye homa isiyoeleweka walichukua damu yake, wakawachoma panya kwenye ubongo, wakasubiri. Panya wakiugua, ubongo wao ulisagwa na kupitishwa katika vichujio vyenye matundu madogo mno yanayozuia bakteria. Kama kilichopenya bado kiliwaua panya wengine, basi hapo palikuwa na kirusi. Baada ya hapo kilipambanishwa na damu zenye kinga dhidi ya virusi vyote vilivyokuwa vikijulikana. Kisipozuiwa na damu yoyote kati ya hizo, ni kipya.

Kwa njia hiyo, mwaka 1937, damu ya mwanamke mmoja wa mkoa wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ilitoa kirusi ambacho mpaka leo kinaitwa West Nile. Mwaka huo huo, vibarua wa ujenzi wa barabara katika eneo la Bwamba, magharibi ya milima ya Ruwenzori, walipatikana na kirusi kingine kipya kilichoitwa Bwamba. Kwa vibarua wale ilikuwa homa tu: kichwa kuuma, mgongo kuuma, siku chache kitandani, kisha kurudi kazini. Homa ya namna hiyo katika nchi yenye malaria kila mahali iliitwa malaria na kuishia hapo. Tabia hiyo, ni lazima isemwe, haijatoweka.

Haddow alipofika alipelekwa Bwamba. Mwaka 1941 kirusi cha homa ya manjano kilikuwa kimepatikana kwa mgonjwa wa eneo hilo, hivyo haikuwa tena dhana. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Katika miji ya Afrika Magharibi na Amerika, homa ya manjano ilienezwa na mbu aina ya Aedes aegypti, anayezaliana katika mitungi na mapipa ya maji majumbani. Bwamba mbu huyo hakuwa msumbufu wa watu majumbani. Sasa nani alikuwa akiwaambukiza?

Kima walikuwa wakishukiwa, kwa kuwa baadhi yao walipopimwa walikutwa na kinga. Lakini kima wa msituni hulala juu sana, na mbu waliokamatwa chini ya miti hawakutoa jibu. Haddow na wenzake, akiwamo Kenneth Smithburn na mkurugenzi wa kwanza wa taasisi, Alexander Mahaffy, waliamua kuwafuata mbu huko huko juu. Yalijengwa madungu ya mbao juu ya miti, mfano wa yale ya wakulima wanaolinda mashamba dhidi ya ndege, isipokuwa haya yalikuwa juu zaidi na ngazi zake zilikuwa ndefu. Watu wakapanda, wakakaa huko kwa saa 24 mfululizo kwa zamu, wakikamata kila mbu aliyekuja kuwauma na kuandika ni saa ngapi na katika kimo gani.

Hesabu hizo za saa kwa saa, zilizorudiwa mara nyingi, zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Msitu ni kama nyumba ya ghorofa. Mbu wa ardhini si wa katikati, na wa katikati si wa juu. Tena kila aina ina saa yake. Mbu aitwaye Aedes africanus, ambaye mchana ni nadra kumwona kwa wingi, aliibuka kwa makundi kwenye vilele vya miti katika saa moja tu baada ya jua kutua. Hiyo ndiyo saa ambayo kima wanakuwa wametulia kwenye matawi ya kulala.

Kutoka hapo kipande cha pili cha fumbo kilipatikana mashambani. Katika kikonyo cha jani la mgomba, mahali linapoungana na shina, hubaki maji kidogo baada ya mvua. Hali ni hiyo hiyo kwenye magimbi. Humo huzaliana mbu mwingine, aliyejulikana wakati huo kama Aedes simpsoni, anayeuma mchana. Kima mwenye mkia mwekundu ni mwizi mashuhuri wa ndizi. Anaumwa usiku na mbu wa vileleni, anapata kirusi, mchana anashuka shambani kuiba, anaumwa na mbu wa migombani, na mbu huyo siku chache baadaye anamuuma mwenye shamba. Mzunguko wote ukawa umeeleweka, kutoka kileleni hadi mlangoni kwa mkulima, bila ya kuwapo mtungi hata mmoja wa maji.

Haddow hakuishia kwa mbu. Aliwafuatilia kima wenyewe kwa miaka, wanakula nini, wanalala wapi, wanatembea kwa makundi ya wangapi, na mwaka 1952 akachapisha utafiti mrefu kuhusu kima huyo mwenye mkia mwekundu. Kwa daktari ilikuwa mada ya ajabu. Lakini asiyejua kima analala wapi hawezi kujua anaumwa na nani.

Kuna upande wa kazi hii ambao taarifa za kitaalamu za enzi hizo ziliupita haraka. Mbu hakamatwi juu ya mti bila chambo, na chambo alikuwa mtu. Vijana wa Kiafrika waliajiriwa kukaa kwenye madungu wakiwa wameacha wazi miguu na mikono, wakisubiri mbu atue, kisha wamfunike kwa kichupa. Walifanya hivyo usiku kucha, katika misitu ambayo taasisi yenyewe ilikuwa ikiithibitisha kuwa na virusi vipya mwaka hadi mwaka. Leo utafiti wa aina hiyo hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili. Wengi wa wakamataji hao majina yao hayakuandikwa popote katika ripoti zilizompatia Haddow heshima. Y. Ssenkubuge ni miongoni mwa wachache walioonekana: jina lake lipo pamoja na la Haddow katika taarifa ya mwaka 1965 kuhusu mbu waliokamatwa kwenye mnara wa Zika.

Msitu wa Zika wenyewe ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa jirani na maabara. Watafiti waliweka tumbili aina ya rhesus, walioletwa kutoka Asia, ndani ya vizimba juu ya madungu. Tumbili hao hawakuwa na kinga ya maradhi ya Afrika, hivyo yeyote kati yao akipandwa na homa ilikuwa ni ishara kwamba kuna kirusi kinazunguka msituni. Kilichokuwa kikitafutwa ni homa ya manjano.

Aprili 18, 1947, tumbili namba 766 alipandwa na joto. Alirudishwa maabara, akatolewa damu siku mbili baadaye, na panya wakachomwa. Siku ya kumi panya wote walikuwa wagonjwa. Tumbili mwenyewe hakuonyesha dalili nyingine zaidi ya joto hilo. Kirusi kilipopimwa hakikuwa homa ya manjano, wala hakikufanana na kingine chochote kilichokuwa kikijulikana. Januari 1948 Haddow na wasaidizi wake walikamata mbu 86 wa aina ya Aedes africanus katika msitu huo huo, na kutoka kwa mbu hao kirusi kile kile kikapatikana. Mwaka 1952 matokeo yalichapishwa na watu watatu: George Dick, Stuart Kitchen na Haddow.

Jina lilitolewa kwa desturi ya Entebbe, yaani jina la mahali. Ndivyo ilivyokuwa kwa Semliki, Bunyamwera na Ntaya. Ni desturi ambayo WHO iliikataza mwaka 2015 kwa magonjwa mapya, kwa sababu huwachafulia wenyeji jina. Ilikuwa ni mwaka huo huo ambao Zika ilianza kugonga vichwa vya habari.

Katika miaka ya 1950 hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kirusi kilionekana kuwa cha tumbili na mbu, na ushahidi kwamba kinamdhuru mtu ulikuwa hafifu. Mwaka 1964 David Simpson, mtafiti wa taasisi hiyo hiyo, aliueleza ugonjwa huo kwa kuwa ulimpata yeye mwenyewe: joto kidogo, vipele mwilini, maumivu ya mgongo, na nafuu baada ya siku chache.

Haddow alikabidhiwa uongozi wa taasisi mwaka 1953. Tangu mwaka 1950 ilikuwa imebadilishwa jina na kuwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, ikizihudumia nchi zote za eneo hili, kama vile taasisi ya Amani mkoani Tanga ilivyozihudumia kwa upande wa malaria. Hakuwa amekaa sawasawa kwenye kiti alipokuta kazi inamsubiri kutoka kusini mwa Tanganyika.

Kuanzia mwaka 1952, wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, walikuwa wakianguka kwa homa ya ghafla iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kunyoosha mgongo. Wamakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, neno lenye maana ya kujikunja, na asiyejua Kimakonde anaweza kulisikia neno la Kiswahili kukunja ndani yake. Dk. Marion Robinson aliueleza kwa upande wa wagonjwa, na W. H. R. Lumsden wa Entebbe akaenda kuchunguza namna ulivyoenea. Newala ni nchi ya taabu ya maji. Watu waliyateka mbali, chini ya mteremko, wakayahifadhi ndani ya nyumba, na katika akiba hizo Aedes aegypti alikuwa amejipatia makazi.

Wengi wangeridhika kuuita ugonjwa huo dengi, kwa kuwa dalili zilifanana. Maabara ya Entebbe haikuridhika. R. W. Ross alitenganisha kirusi kutoka katika damu za wagonjwa na kutoka kwa mbu, na mwaka 1956 akachapisha ushahidi kuwa ni kipya. Mwaka huo huo, katika msitu wa Zika, kirusi cha chikungunya kilipatikana kwa mbu wa vileleni, yule yule Aedes africanus. Kilichowakunja watu wa Newala kilikuwa kikiishi pia misituni, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka huko.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, homa nyingine ililipuka kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi. Nayo ilivunja viungo, ikaleta vipele na kuvimba kwa tezi. Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, kwa maana ya viungo kulegezwa na maumivu. Katika vijiji vingine zaidi ya nusu ya wakazi waliugua. Ilishuka hadi Kenya na Tanganyika, na hadi ilipotulia mwaka 1962 ilikadiriwa kuwa watu milioni mbili walikuwa wameambukizwa. Vifo havikuonekana, lakini mashamba yalibaki bila wakulima.

Haddow, akishirikiana na C. W. Davies na A. J. Walker, ndiye aliyeandika taarifa ya kwanza ya mlipuko huo, iliyotoka mwaka 1960. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba msambazaji hakuwa Aedes wa aina yoyote, bali Anopheles, mbu wa malaria, ambaye mpaka wakati huo hakuna aliyemdhania kuwa anaweza kueneza kirusi cha homa kwa kiwango kikubwa hivyo. Baada ya hapo o'nyong-nyong ilipotea machoni pa madaktari kwa zaidi ya miaka 30, ikaibuka tena kusini mwa Uganda mwaka 1996. Katika muda wote huo, aliyeugua huenda aliambiwa ana malaria.

Katika miaka hiyo hiyo Haddow alimsogelea mtu mwingine aliyekuwa na fumbo lake. Dk. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza uvimbe wa saratani unaowashambulia watoto kwenye taya. Mwishoni mwa mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili maelfu ya maili hadi kusini mwa Afrika, akiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo unaonekana huko. Ramani yake ilionyesha kuwa sehemu za juu karibu na ikweta hazikuwa nao, na kadiri alivyokwenda kusini mpaka huo ulizidi kushuka chini. Haddow alipoiona alimweleza kuwa kinachozuia si kimo bali ni ubaridi, kwani mpaka ule ulifuata mstari wa joto na mvua ambao yeye alikuwa akiufahamu kutoka kwenye magonjwa ya mbu.

Dokezo hilo lilikuwa na kweli na kosa ndani yake. Kirusi kilichohusika na saratani hiyo kilionekana mjini London mwaka 1964, na hakienezwi na mbu. Lakini malaria, ambayo inaenezwa na mbu, ilikuja kuonekana kuwa mshirika wake. Haddow alikuwa ameisoma ramani sawasawa, mdudu wake tu ndiye aliyekuwa na kazi nyingine.

Mnara wa chuma ulikuwa ni kazi ya miaka yake ya mwisho mwisho Uganda. Ulisimamishwa kwanza katika msitu wa Mpanga, magharibi ya Kampala, na mwaka 1960 ukahamishiwa Zika. Sasa watafiti waliweza kupima hata juu ya vilele vyenyewe, kwenye anga tupu. Huko waligundua kuwa baada ya jua kutua mbu hupanda na kuutoka msitu. Mwaka 1964 Haddow na wenzake wanne walitangaza kuwa kirusi cha Zika kilipatikana mara 12 kwa mbu waliokamatwa ndani ya msitu na juu yake. Mmoja wa wanne hao alikuwa Lameck Goma, mtaalamu wa mbu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, aliyekuja kuwa waziri katika serikali ya Zambia.

Mwaka 1965 Haddow alirejea Glasgow. Akawa profesa katika chuo kilichomlea na baadaye mkuu wa kitivo cha tiba, na mwaka 1972 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ya juu kwa mwanasayansi wa Uingereza. Pembeni ya kazi alikuwa na penzi lake la tangu zamani, zumari la Kiskoti lenye mfuko wa ngozi. Hakuwa mpigaji wa kujifurahisha tu. Aliuchambua muziki wake wa kale kwa utaratibu ule ule aliowahesabia mbu, na kitabu chake juu ya muziki huo kilichapwa mwaka 1982. Yeye hakukiona. Alifariki dunia Glasgow Desemba 26, 1978, siku moja kabla ya kutimiza miaka 66.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na taasisi ya Entebbe ikabaki mikononi mwa Uganda, ikiitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Ilipita katika miaka migumu ya vita na uhaba wa fedha, lakini haikufungwa. Mwaka 2007 homa ya kutoka damu ililipuka Bundibugyo, katika nchi ile ile ya Bwamba ambako Haddow alijenga madungu yake ya kwanza. Sampuli zilipopimwa ilibainika kuwa ni aina mpya ya Ebola, nayo ikapewa jina la wilaya.

Mwaka huo wa 2007 ndipo Zika nayo ilipozuka katika kisiwa cha Yap, bahari ya Pasifiki, ukiwa mlipuko wake mkubwa wa kwanza kwa binadamu. Ilifika visiwa vya Polynesia ya Ufaransa mwaka 2013, kisha Brazil. Madaktari waliotaka kujua wanapambana na nini walilazimika kufungua taarifa ya mwaka 1952, kwa sababu katika miaka 60 ya kati yaliyoandikwa yalikuwa machache.

Miongoni mwa waliokuwa wameianza kazi hiyo mapema ni Andrew Haddow, mjukuu wa Alexander, ambaye naye ni mtafiti wa virusi. Mwaka 2012, Brazil ikiwa bado haijaguswa, yeye na wenzake walilinganisha jeni za kirusi hicho kutoka Afrika na Asia na kuonyesha kuwa kilichokuwa kikivuka Pasifiki ni cha ukoo wa Asia. Sampuli mojawapo waliyoitumia ilikuwa imehifadhiwa maabara tangu mwaka 1947. Inaitwa MR 766, kwa namba ya yule tumbili.